Kutoka Mtwara na Lindi kwenda bara: wapi treni inalipa, wapi basi linatosha

Mtwara na Lindi hazina reli. Zilikuwa nayo zamani: baada ya Vita vya Pili vya Dunia Waingereza walijenga njia ya kwenda Nachingwea kwa ajili ya mpango wao wa karanga, kwanza ikitokea Mkwaya karibu na Lindi, baadaye bandari ya Mtwara. Mpango wa karanga ukafa, na miaka ya 1960 reli nayo ikafungwa na kung'olewa. Reli mpya ya Mtwara hadi Mbamba Bay, yenye matawi ya Mchuchuma na Liganga, ingali kwenye mipango. Kwa hiyo mtu wa kusini akisema anakwenda kwa treni, ujue ni basi kwanza, treni katikati, na mara nyingi basi tena mwishoni, maana miji mingi tunayokwenda haina treni ya abiria: Singida, Iringa, Babati, Mpwapwa, Mahenge, Bukoba.

Tangu treni ya umeme ya SGR ilipoanza kubeba abiria mwaka 2024, Juni kutoka Dar hadi Morogoro na mwishoni mwa Julai hadi Dodoma, swali limekuwa moja katika kila nyumba yenye mwanafunzi Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM) au mgonjwa wa kupelekwa hospitali ya Benjamin Mkapa hukohuko: tupande basi moja kwa moja, au tuunganishe na treni Dar? Wengi wanajibu kwa kutazama bei ya tiketi ya treni peke yake. Hapo ndipo hesabu inapoharibika. Kwa mtu anayetoka Mkanaledi, Mtwara, au Lindi mjini, kinachoamua ni usiku wa Dar: utaulala wapi, na kwa shilingi ngapi.

Hesabu ya Dodoma, kwa shilingi

Tuanze na Dodoma kwa sababu miji mingi mingine inafuata hesabu yake.

Viwango vya juu vya nauli vilivyotangazwa na LATRA, mamlaka ya usafiri wa nchi kavu, Desemba 2023 ni shilingi 48.47 kwa kilomita kwa basi la kawaida, na 67.84 kwa daraja la kati. Mtwara hadi Dar ni kama kilomita 560, kwa hiyo basi la kawaida linakuja kwenye 27,000 na la daraja la kati 38,000. Lindi hadi Dar ni kama 450, yaani 22,000 kwa la kawaida na 30,500 kwa la kati. Dar hadi Dodoma kwa barabara nayo ni karibu 450, umbali uleule wa Lindi, kwa hiyo nauli zake ni zilezile.

SGR ilianza na nauli ya 31,000 kwa Dodoma na 13,000 kwa Morogoro, daraja la kawaida, treni ya kawaida. Weka namba hizo kando ya basi la daraja la kati: 31,000 kwa 30,500, na kwa Morogoro 13,000 kwa 13,000. Ni bei moja. Aliyekwambia SGR ni nafuu kuliko basi alikuwa analinganisha na basi zuri. Ukilinganisha na basi la kawaida, treni ni ghali zaidi kwa 9,000 hivi hadi Dodoma na kwa kama 4,000 hadi Morogoro.

Unachonunua kwa hiyo 9,000 ni muda. Treni inafika Dodoma kwa saa tatu na nusu hadi nne, Morogoro chini ya saa mbili. Basi la Dodoma, kuanzia foleni ya Kimara hadi mizani na vituo vya chakula, linakula saa saba, nane, hata tisa. Kwa mtu ambaye tayari amekaa kwenye kiti usiku kucha kutoka Mtwara, tofauti hiyo inasikika mgongoni.

Sasa usiku wa Dar. Chukua msafiri wa Mtwara anayeondoka na basi la asubuhi. Anaingia Mbagala, kusini mwa Dar, jioni, na akikwama Mkuranga au Kongowe, usiku. Treni za mapema zimekwishaondoka, anatafuta gesti. Tuchukulie 20,000 za chumba na 5,000 za chakula. Hesabu yake: 27,000 za basi, 25,000 za usiku, 31,000 za treni. Jumla 83,000.

Msafiri wa pili anapanda basi la usiku. Tangu serikali iliporuhusu tena mabasi kutembea usiku mwaka 2023, hii ndiyo njia iliyobadilisha mambo kusini kuliko treni yenyewe, ingawa haiimbwi. Anaondoka Mtwara jioni, anavuka Daraja la Mkapa pale Rufiji watu wamelala, anashuka Mbagala alfajiri. Daladala ya Kariakoo au Posta, anatembea kidogo hadi stesheni, ananawa uso, anapanda treni ya asubuhi. Mchana yuko Dodoma. Hesabu yake: 27,000 na 31,000, yaani 58,000 na nauli ya daladala.

Wa tatu anapanda basi lilelile la usiku, kisha basi la kawaida la Dodoma. 27,000 na 22,000: 49,000. Anaingia Dodoma jioni.

Ukizitazama hizo tatu pamoja, ghali kuliko zote ni ile ya kwanza, na kilichoipandisha ni gesti. Ndiyo maana nasema anayesafiri peke yake kutoka Mtwara au Masasi kwenda Dodoma achukue basi la usiku na treni ya asubuhi, alipe 9,000 za ziada bila kulalamika. Kama mfuko umebana kweli, basi kwa basi linafaa, ila aongeze chakula cha mchana cha njiani kabla hajajisifu kuwa ameokoa.

Mtu wa Lindi ana nafasi moja zaidi. Kwake safari ni fupi kwa zaidi ya kilomita 100, kwa hiyo akiondoka na basi la alfajiri anaweza kuwahi treni ya jioni siku hiyohiyo. Inawezekana. Lakini ni safari inayotegemea barabara isiwe na jambo, na barabara ya Kilwa ina mambo. Treni ina saa yake ya kuondoka na geti hufungwa kabla ya hapo. Kuna ukaguzi wa mizigo kwa mashine kama uwanja wa ndege, na tiketi ina jina lako na inalingana na kitambulisho chako. Usipange kufika Mbagala saa mbili kabla ya treni. Mbagala si stesheni.

Ukiwa na watoto, mambo yanageuka

Hapa SGR inashinda kuliko watu wanavyofikiri. Mtoto wa miaka 4 hadi 12 analipa nusu, na chini ya miaka 4 halipi. Kwenye basi la mkoani kiti ni kiti. Ukibahatika konda atakupunguzia, usipobahatika utampakata mtoto wa darasa la tatu hadi Gairo.

Baba, mama na watoto wawili wa miaka 6 na 9, Dar hadi Dodoma: kwa treni ni 62,000 za wakubwa na 31,000 za watoto, jumla 93,000. Kwa basi la kawaida, viti vinne, 88,000. Daraja la kati, 122,000. Tofauti ya 5,000 kwa familia nzima, na watoto wana choo ndani ya treni badala ya kusubiri dereva asimame. Hapo sioni cha kujadili.

Miji iliyo mbele ya Dodoma

Habari njema ni kwamba tofauti ya 9,000 haiongezeki. Ukienda Singida, Kondoa, Babati au hata Mwanza, kipande cha baada ya Dodoma kinabaki cha basi, iwe ulikuja kwa treni au kwa basi. Kinachobadilika ni urahisi wa kupata kiti.

Singida, Kondoa na Babati ndiyo miji inayofaidika zaidi. Kuna mabasi yanayoanzia Dodoma kwenyewe, kutoka kituo kikuu cha Nanenane, Nzuguni, na barabara zote ni lami. Ukishuka treni ya asubuhi unachukua bodaboda au daladala hadi Nanenane, na kama hukuchelewa unalala Singida. Babati ndiyo inayowashangaza watu: mtu wa kusini amezoea kuifikiria kama safari ya Arusha, azunguke Chalinze, Segera, Moshi, kumbe kupitia Dodoma na Kondoa ni njia fupi zaidi, na zaidi ya nusu yake kutoka Dar anaifanya kwa treni.

Mwanza na Shinyanga ni hadithi nyingine. Mabasi mengi yanayopita Dodoma kwenda kanda ya ziwa yametoka Dar yakiwa yamejaa. Treni yako itayatangulia kufika, hilo kweli, lakini kutangulia hakukupi kiti. Utamkuta konda mwenye viti viwili vya nyuma na abiria kumi wanaovitaka, na bei hapo ni ya kwake. Ama ukate tiketi mapema ya basi linaloanzia Dodoma, ama upande basi la moja kwa moja kutoka Dar na kuiacha SGR. Mimi kwa Mwanza ningepanda la moja kwa moja mpaka siku reli ya umeme itakapofika huko.

Mpwapwa ndiyo raha ya orodha hii. Mji wenyewe hauna reli, lakini Gulwe iko jirani kabisa na ina stesheni ya SGR. Ukishuka Gulwe hupotezi njia kwenda Dodoma mjini kisha kurudi nyuma kwa barabara. Sharti ni moja: upande treni ya kawaida inayosimama Gulwe. Ile ya haraka inakupitisha unaiona Mpwapwa kwa mbali.

Iringa na Njombe: tazama ulipo wewe kwanza

Kwa Iringa kuna milango miwili ya treni. Unaweza kushuka Morogoro, ukavuka hadi Msamvu na kupanda basi linalopita Mikumi na Ruaha Mbuyuni; au ushuke Dodoma na kupita Mtera. Morogoro ni bora. Treni yake ni ya 13,000, mabasi ya Iringa na Mbeya yanapita Msamvu mfululizo, na hata ukikosa moja hulali. Tatizo ni kwamba kuokoa saa mbili kwa treni ya Morogoro, kisha kusubiri kiti Msamvu, kunaweza kukurudisha palepale. Basi la Dar hadi Iringa la moja kwa moja halijapitwa kwa mbali.

Lakini kwa mtu wa Masasi, Nanyumbu au Tunduru, Dar yenyewe ndiyo mzunguko. Barabara ya Masasi, Mangaka, Tunduru, Namtumbo hadi Songea sasa ni lami, na kutoka Songea unapanda Njombe na Makambako. Masasi hadi Iringa kwa njia hiyo ni fupi kwa kilomita 100 na zaidi kuliko kupitia Dar. Kwa Njombe hakuna hata haja ya kupima. Kwa Mtwara mjini njia mbili hizi zinakaribiana hadi Iringa, na hapo chagua unayoipenda. Ya Songea haina foleni, ya Dar ina mabasi mengi. Masasi ndiyo mpaka. Aliye magharibi yake asishawishike na treni kwa safari za nyanda za juu.

TAZARA kwa mtu wa kusini

Reli hii ya kilomita 1,860 kutoka Dar hadi Kapiri Mposhi, Zambia, imejengwa kati ya 1970 na 1975 kwa msaada wa China, na inapita Makambako na Mbeya. Kwenye ramani inaonekana kama jibu: basi hadi Makambako, treni hadi Mbeya. Usifanye. Treni za TAZARA si za kila siku na huchelewa, na Makambako hadi Mbeya basi linatumia saa chache tu. Hakuna anayekaa stesheni usiku kusubiri kilichopo barabarani kila nusu saa.

Inapokuwa na maana ni Mlimba na vituo vya bonde la Kilombero. Kipande cha Mlimba kupanda Makambako ndicho chenye mahandaki na madaraja mengi kuliko sehemu nyingine ya reli hiyo, na barabara za huko masika ni za kumwomba Mungu. Ukitoka Masasi au Songea kwenda Mlimba, treni ya kushuka kutoka Makambako ndiyo njia inayoeleweka, mradi uulize stesheni kama ipo wiki hiyo kabla hujatoka nyumbani. Kwa Ifakara na Mahenge sijasema hivyo. Huko SGR hadi Morogoro, kisha basi la Ifakara kupitia Mikumi na Kidatu, na Mahenge unavukia daraja la Magufuli kwenye Mto Kilombero.

Treni ya zamani: Kigoma, Mpanda, Arusha

Reli ya kati ya zamani, ile Wajerumani waliyoifikisha Kigoma mwaka 1914, bado ndiyo nauli ya chini kwa masafa marefu ukikubali daraja la tatu. Inapita Tabora, hapo tawi moja linakwenda Mwanza, jingine Kigoma, na Kaliua kuna tawi la Mpanda. Haitembei kila siku, na ni safari ya siku nzima na zaidi.

Kwa mtu anayetoka kusini na mzigo, hii haifai kudharauliwa. Mfanyabiashara anayepeleka korosho zilizobanguliwa Kigoma, au anayefuata mawese na dagaa, atakuta treni ya zamani inaelewa magunia kuliko SGR. Lakini lazima siku ya basi lako ioane na siku ya treni. Ukikosea kwa siku moja unalala Dar usiku mbili, na nafuu yote imekwisha. Daraja la pili la kulala ni zuri kwa mzee, kwa sababu kitanda ni kitanda. Hata hivyo linapanda bei hadi kukaribia basi, kwa hiyo lichague kwa sababu ya mgongo, si kwa sababu ya mfuko.

Bukoba: Mwanza kwanza, kisha meli ya MV Victoria. Ni safari ndefu, na anayeharakisha msiba asiiguse.

Moshi treni ilirejea mwaka 2019 na Arusha 2020, baada ya kusimama kwa muda mrefu. Nayo ni ya siku chache kwa wiki, inaondoka Dar mchana na kufika asubuhi ya siku inayofuata. Ukiwa umetoka Mtwara na basi la usiku, unafika alfajiri na kuipata mchana huo bila gesti, na usiku wa pili unalala ndani ya treni. Kwa anayekwenda Lushoto, Mombo ndipo barabara ya milimani inapoanzia, ingawa utashuka treni usiku na kusubiri kukuche. Kwa Lushoto basi la mchana linashinda bila ubishi.

Masika na msimu wa korosho

Machi hadi Mei usikate tiketi ya treni ya saa chache baada ya basi. Mei 2024, baada ya Kimbunga Hidaya, barabara ya Lindi hadi Dar ilikatika maeneo ya Somanga na magari yakakwama kwa siku kadhaa. Waliokuwa na haraka walizungukia Songea na Njombe. Wakati wa mvua kubwa, gesti ya Mbagala niliyoisema vibaya hapo juu inageuka kuwa bima, na mtu wa usaili au wa miadi ya hospitali ailipie bila kusita. Anayetoka Liwale ndiyo zaidi, kwa sababu kabla hajaikuta lami Nangurukuru ana kipande chake kingine cha kuombea.

Oktoba hadi Desemba shida ni nyingine: fedha za minada zimeingia, kila mtu anasafiri, na mabasi ya usiku yanajaa. Kata tiketi ya basi kwanza, ukishaishika ndipo ukate ya treni mtandaoni. Wengi hufanya kinyume kwa sababu ya treni ni rahisi kununua kwa simu, kisha wanabaki na tiketi ya SGR mkononi na hakuna kiti cha kuwafikisha Dar.

Safari ya kurudi ni rahisi kidogo. Treni ya mchana kutoka Dodoma inakufikisha Dar jioni, na mabasi ya usiku ya kusini yanakusubiri upande wa Mbagala. Uliza tu wakati wa kukata kama gari lako linaanzia Mbagala au stendi ya Magufuli kule Mbezi Luis. Pande hizo mbili za jiji zina foleni kati yake inayotosha kukukosesha basi ukiwa tayari umelipa.